Kabla hujamfuga samaki wa kidimbwi, lijue kwanza tope lake

Mwezi wa pili, jua la kiangazi likiwa limelipasua bonde zima, nilisimama mahali pa kidimbwi cha mvua hapa Unguja, ambapo miezi saba nyuma nilichota samaki kwa kimia. Maji hayakuwapo. Udongo ulikuwa umekatika mapande mapande, nyufa zinaingia mkono mzima, na mabua ya mpunga yaliyosalia yanavunjika ukiyakanyaga. Nilikwenda kutafuta samaki wapya, maana wale wa nyumbani walikuwa wamezeeka na kufa mmoja mmoja bila kuacha hata mtoto. Nikageuka nirudi.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa akisafisha konde lake pembeni. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini hapo?" Nilipomweleza hakucheka wala hakushangaa. Alikuja na jembe lake, akatafuta pale palipoinama kuliko pote, akachokoa donge la ukubwa wa nazi iliyofuliwa, akanitia mikononi. "Nenda kalitie maji. Ya mvua, si ya mfereji."

Nyumbani nilikuwa na dumu la maji ya mvua tangu vuli. Nililiweka donge kwenye beseni jioni, nikamimina maji yakalifunika. Likatoa vipovu kwa muda mrefu, likavimba, kisha likaanza kumomonyoka. Asubuhi niliona maji ya rangi ya chai tu. Ilipofika saa tano nikamulika tochi kutokea ubavuni, na hapo nikaviona: vijiti vinne vyembamba kama uzi wa cherehani, kila kimoja kina macho mawili makubwa meusi, vinaruka hatua fupi fupi majini. Samaki walikuwa wametoka kwenye donge lililokuwa gumu kama tofali.

Nimewafuga samaki hawa miaka mingi tangu siku ile. Wanaotaka kuanza huniuliza kwanza ukubwa wa tangi, aina ya chakula na pampu. Mimi huanza na tope.

Samaki mwenyewe ni Nothobranchius guentheri. Sisi tunaomfuga humwita noto, kwa kufupisha jina hilo refu. Dume hufika sentimita tano hivi. Mwili wake ni wa kijani kinachoelekea buluu, kila gamba limepigwa ukingo mwekundu hadi anaonekana kama amefumwa kwa wavu, na mkia wake ni mwekundu wa kukolea wenye ukingo mweusi. Jike ni mdogo zaidi, wa kijivu kinachoelekea udongo, mapezi yake hayana rangi. Watu wengi wakichota mara ya kwanza huwatupa majike wakidhani ni vifaranga vya samaki mwingine. Usifanye hivyo. Katika maji machafu ya kidimbwi rangi ile ndiyo inayomwezesha jike kumwona dume, na ndiyo hiyo hiyo inayomwonyesha kwa yangeyange anayesubiri ukingoni, kwa hiyo wanaoliwa mapema mara nyingi ni madume.

Anapatikana Unguja, na porini hapatikani kwingine duniani. Aliandikwa kisayansi mwaka 1893 na Georg Pfeffer wa Hamburg, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann katika safari yake ya 1888 na 1889. Jina guentheri ni heshima kwa Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la London. Bara wako ndugu zake wengi, kuanzia mabonde ya pwani ya Kenya na Tanzania hadi Msumbiji na Zimbabwe, kila mmoja na eneo lake. Unguja iliwahi kuungana na bara enzi za barafu, bahari iliposhuka, kwa hiyo samaki wa maji baridi kukutwa kisiwani si ajabu. Utotoni tuliambiwa wanashuka na mvua, na ukiona uwanja uliokuwa vumbi unajaa samaki wiki chache baada ya masika kuanza, huwezi kumlaumu aliyesema hivyo.

Sasa tope. Si kila dimbwi linalojaa mvua lina noto. Kwenye uwanda wa mawe, upande wa mashariki wa kisiwa, maji huingia ardhini kabla hujamaliza kufunga mwavuli. Kwenye kichanga ni hivyo hivyo. Noto anataka udongo wa kinamo, ule mweusi mzito wa mabondeni unaolimwa mpunga, unaonata kwenye kiatu hadi kinakutoka mguuni. Udongo huu hushikilia maji wiki nyingi. Ukikauka hupasuka, lakini chini ya lile gamba la juu hubaki na unyevu kidogo ambao jua haliufikii haraka. Yai la noto halipaswi kulowa muda wote, wala halipaswi kukauka kabisa. Kinamo ndicho kinacholipa hali hiyo ya katikati kwa miezi.

Dimbwi lenyewe linatakiwa lisiwe na uhusiano na mto wala maji ya kudumu. Maji yakidumu mwaka mzima wataingia perege na kambare, na noto hawezi kuishi nao. Ukame anaouogopa samaki mwingine ndio unaomlinda huyu. Kwa hiyo mtu anayemhurumia noto akachimba dimbwi lake liwe na kina, lisikauke, anamwangamiza. Nimeliona hilo likifanywa kwa nia njema kabisa.

Masika yakishika, mayai huanguliwa katika saa chache za kulowa. Kifaranga anaanza kula siku hiyo hiyo. Wiki ya tatu au ya nne madume wanaanza kushika rangi, na haipiti muda wanazaa. Ndugu yake mmoja wa Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, watafiti walimkuta porini akipevuka kwa siku 14, na sijui mnyama mwenye uti wa mgongo anayekua haraka kuliko huyo. Sababu ya haraka iko wazi: dimbwi litakauka, na hakuna anayejua ni lini. Dume humkaribia jike, humfunika mgongo kwa pezi lake la juu, humgandamiza chini kwenye tope, wote wawili hutetemeka kidogo, na yai moja hutoka na kuzikwa. Yai moja tu, la ukubwa wa milimita moja hivi. Halafu wanarudia, siku nzima, kila siku, mpaka maji yaishe. Kisha wakubwa wote wanakufa. Watu wa bara hunilinganishia na kamongo, lakini kamongo mwenyewe ndiye anayelala kwenye tope na kuamka. Kwa noto hakuna mzazi anayeuona msimu wa pili. Wanaovuka kiangazi ni mayai.

Na mayai hayo hayalali kwa namna moja. Yana vituo vitatu ambapo ukuaji unaweza kusimama: cha kwanza mapema sana, yai likiwa bado chembechembe zilizotawanyika, tope likiwa limelowa na halina hewa, cha pili katikati, mwili ukiwa umeanza kuchorwa tu, cha tatu mwishoni, samaki amekamilika ndani ya ganda, macho yamezungukwa na pete ya dhahabu, anasubiri maji. Mayai ya mama mmoja, yaliyotagwa siku moja, mengine hupita vituo bila kusimama na mengine hukaa miezi. Ndiyo maana mvua za vuli zikinyesha siku tatu kisha zikakata, watakaoanguliwa watakufa dimbwi likikauka, lakini wenzao waliobaki usingizini watayapata masika ya kweli. Mfugaji akiniuliza kwa nini mfuko wake wa mayai aliyoyahifadhi umetoa samaki ishirini tu na mengine yamebaki, jibu ni hilo. Usiyatupe. Kausha tena, subiri mwezi, lowesha upya.

Makosa yangu mwenyewe yalitokana na kutolijua hili. Wale samaki wa kwanza niliwaweka kwenye tangi kubwa la kioo, kokoto nyeupe chini, maji safi, pampu yenye nguvu. Walipendeza. Walitaga pia, nadhani kwa mamia, ndani ya kokoto. Mayai mengine yaliliwa na wazazi wenyewe, mengine yaliota ukungu mweupe. Nilikuwa nikisifiwa na kila mgeni kwa usafi wa tangi lile, na kumbe nilikuwa nimewanyima kitu kimoja walichokihitaji.

Kosa la pili lilikuwa haraka. Nilishajifunza kukausha mayai, lakini wiki ya tano uvumilivu ukaniishia, nikayalowesha. Walianguliwa wengi kuliko nilivyotarajia, na furaha yangu ilidumu hadi kesho yake, nilipoona karibu wote wanatambaa chini kwenye sakafu ya beseni. Walitingisha mikia, wakainuka kidole kimoja, wakazama. Mfuko wao wa hewa haukujaa. Samaki wa namna hiyo hapati nafuu, hali vizuri, hakui. Nilikaa nao siku nne nikitafuta dawa ambayo haipo. Tangu hapo siloweshi mfuko kabla sijatoa mayai kumi na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia. Nikiona macho yenye pete ya dhahabu kwa mengi kati ya hayo, ndipo nachota maji.

Basi ukitaka kuanza, anza hivi. Tangi la lita ishirini linatosha kwa dume mmoja na majike wawili au watatu. Usiweke madume wawili kwenye nafasi ndogo, watachanana mapezi, na jike mmoja peke yake atachoshwa na dume hadi akonde. Funika juu, kwa sababu wanaruka, nami nimewahi kumwokota mmoja nyuma ya kabati asubuhi. Kichujio kiwe cha sponji, kinachopuliza taratibu. Dimbwi halina mkondo. Usimpe mwanga mkali. Weka majani yanayoelea juu, utaona rangi za dume zinakolea ndani ya siku mbili kwa sababu ameacha kuogopa. Badilisha theluthi ya maji kila wiki. Maji ya mfereji yaache kwenye ndoo wazi siku moja kwanza, dawa ipungue, na kama visima vya kwenu ni vya maji magumu ya mawe usihofu, wakubwa wanayavumilia.

Chumvi iwe karibu. Noto ana adui mmoja mkubwa ndani ya tangi, ugonjwa unaomfanya aonekane amenyunyiziwa vumbi la dhahabu. Hufunga mapezi, hujikwaruza chini, hupumua kwa kasi, na ukiona hivyo una siku chache tu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi ya mawe kwa kila lita nne za maji, tangu siku ya kwanza, kimenizuia kuuona tena kwa miaka. Wengine husubiri ugonjwa uingie ndipo watafute chumvi. Mimi sishauri hivyo.

Chakula kisikusumbue. Viluwiluwi vya mbu ndivyo anavyovila kwao, na mwaka 1941 tayari kulikuwa na makala katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu samaki hawa kama wapambanaji wa malaria. Tatizo ni la kwako wewe: ukiweka ndoo ya viluwiluwi uani na ukasahau siku mbili, umefuga mbu. Chuja kila asubuhi. Chakula cha unga mkavu wengi wao hukikataa kabisa. Vifaranga wanataka kitu hai na kidogo sana. Mimi huwapa artemia, vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, waliototolewa usiku huo, mara mbili kwa siku, na siku mbili za kwanza naongeza maji ya kijani kutoka kwenye chungu kilichokaa juani.

Kuhusu mahali pa kutagia, vitabu vya wazungu husema tumia mboji ya kinamasi cha nchi za baridi. Hapa kwetu tuna vumbi la makumbi, lile linalobaki watu wakisokota usumba, na kwangu limefanya kazi sawa kabisa. Tahadhari ni moja: makumbi mengi yamefukiwa pwani, kwa hiyo yamejaa chumvi ya bahari na yananuka. Loweka siku tatu ukibadilisha maji kila siku, kisha chemsha nusu saa, kisha suuza mpaka maji yatoke yakiwa ya rangi ya chai nyepesi. Likizama lenyewe ndani ya maji, liko tayari. Litie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu la upana wa yai la kuku juu yake, liweke chini ya tangi. Ndani ya saa moja utamwona dume anasimama mlangoni kama mwenye nyumba.

Baada ya siku kumi toa kopo, weka jingine. Mwaga vumbi lile kwenye kipande cha chandarua cha zamani, likamue kwa kiganja taratibu. Mayai ni magumu, hayapasuki kirahisi. Litandaze juu ya gazeti, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Likibaki limelowa, mayai yataoza. Likikauka hadi linapeperuka, yatasinyaa. Chukua kidogo ubane kati ya vidole: lisitoe tone hata moja, lakini ukiachia libaki limeshikana na ngozi yako ihisi ubaridi. Hivyo ndivyo tope la kinamo lilivyo mwezi wa tisa, gamba likiwa limepasuka juu. Mara ya kwanza nilipokwenda kulishika tope lenyewe bondeni kwa mkono, ndipo mikono yangu ilipojua kipimo, na hakuna maelezo niliyosoma kabla yake yaliyonisaidia kama lile.

Tia kwenye mfuko wa plastiki, funga ukiacha hewa, andika tarehe ya kuhifadhi, na andika samaki wametoka dimbwi gani. Weka mvunguni au kwenye droo. Katika joto la nyumba zetu huwa tayari baada ya miezi mitatu hivi, wakati mwingine kabla. Kila baada ya wiki mbili fungua mfuko dakika chache hewa iingie. Siku ya kulowesha tumia maji ya mvua yaliyopoa, kina cha vidole vitatu, si zaidi, kwa sababu kifaranga anahitaji kufika juu haraka akavute hewa yake ya kwanza.

Kuandika dimbwi si urasimu. Noto wa bonde moja na wa bonde la pili wanaweza kutofautiana, na ukiwachanganya huwezi kuwatenganisha tena. Kwa sababu hiyo hiyo usirudishe bondeni samaki uliyemfuga, hata ukiona unafanya jambo jema. Unaweza kupeleka ugonjwa wa tangi kwenye dimbwi ambalo halijawahi kuujua. Wala usimpelekee dimbwi samaki mgeni, gapi au wale wadogo wanaogawiwa kula mbu. Kazi hiyo ina mwenyewe pale pale.

Na ukienda kuchota, chota wachache. Madume wawili, majike wanne, basi. Omba ruhusa kwa mwenye konde, maana unakanyaga mpunga wake. Ukitaka kuwatoa Zanzibar, anza kwenye idara ya uvuvi kabla ya kununua tiketi. Mimi sitaji mahali ninapochota, hata kwa rafiki, na sijuti. Madimbwi haya ni madogo, mengine hayazidi ukubwa wa uwanja wa mpira wa watoto, na mtu mmoja mwenye kimia kizuri anaweza kulimaliza kwa asubuhi moja.

Lakini kimia si hatari kubwa. Lile dimbwi ambalo bibi alinichokolea donge halipo tena. Nilirudi mwanzoni mwa masika mengine baadaye nikakuta kifusi, mawe na mchanga mwekundu, vimesawazishwa, na vigingi vya kiwanja vimepigwa kwenye pembe nne. Ilikuwa kiangazi walipomwaga, na aliyemwaga aliona ardhi tupu kavu. Nilisimama pale nikifikiria mayai yaliyoko chini ya kile kifusi, yenye macho ya dhahabu, yanasubiri maji ambayo hayatayafikia. Bado linaniuma. Tangu siku hiyo nikipita bondeni wakati wa ukame huzungumza na wenye makonde, nawaonyesha picha ya dume, naeleza kwamba hapo palipoinama pana samaki. Wengi wanajua tayari. Wasiojua ni wanaokuja kununua viwanja, na hao ndio ninaowatafuta sasa, kabla gari la kifusi halijafika.

Uzao wa dimbwi lile ninao bado, kizazi baada ya kizazi, kutoka kwa wale vijiti vinne na wachache niliowapata masika yaliyofuata donge lile. Mfuko wa mwisho una wiki ya saba leo. Jana niliufungua, nikatoa mayai kumi: sita yana macho lakini pete ya dhahabu bado, manne bado meupe. Nitausubiri mwezi mwingine.